Magurudumu ya katapila: Yaliyokazwa au yanayonesa, yapi yanafaa wapi?

UPANUZI wa Jiji la Dar es Salaam kuelekea pembezoni umeyafanya makatapila kuwa sehemu ya mandhari ya kila siku. Kutoka Bunju, Boko na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, ni nadra kuona barabara ikichongwa, kiwanja kikisawazishwa au mtaro mkubwa ukichimbwa bila kuwapo mashine hizo zinazotembea juu ya minyororo ya chuma.

Macho ya wapita njia huvutwa na bledi, yaani bapa kubwa la mbele linalosukuma udongo, au na moshi wa injini. Wachache huinama kutazama kilichomo ndani ya mnyororo. Hata hivyo, humo ndimo fedha nyingi za mwenye mashine zinamoteketea.

Kwa makadirio yanayokubalika katika biashara ya mitambo ya ujenzi, mfumo wa chini wa katapila, yaani mnyororo pamoja na magurudumu yake, unaweza kumeza hadi nusu ya gharama zote za matengenezo katika uhai wa mashine. Gharama hiyo haibaki kwa mmiliki peke yake. Huingizwa katika bei ya kukodi kwa saa, na hatimaye hulipwa na mwananchi anayesawazisha kiwanja chake, mkandarasi wa barabara ya mtaa au halmashauri inayofungua njia mpya.

Ndiyo maana swali linaloonekana kuwa la mafundi peke yao lina uzito kwa watu wengi. Je, magurudumu ya mashine nzito ya mnyororo yakazwe moja kwa moja kwenye fremu yasicheze, au yaachwe yanese kwa kufuata mabonde na mawe ya ardhi? Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa katika ardhi ya Tanzania.

Reli inayojitandika

Katapila, ambalo wengine huliita tingatinga, lina magurudumu kama ilivyo kwa gari, ila magurudumu hayo hayagusi ardhi. Hukanyaga mnyororo, nao mnyororo ndio unaokanyaga ardhi. Ni sawa na garimoshi linalojitandikia reli mbele na kuiokota nyuma kila linaposogea.

Kila upande wa mashine una gurudumu la meno, maarufu kama sproketi, ambalo hupokea nguvu ya injini na kuuvuta mnyororo. Mbele lipo gurudumu kubwa lisilo na meno, liitwalo aidla, linaloongoza mnyororo na kusaidia kuukaza. Kati ya hayo mawili, chini kabisa, hupangwa magurudumu madogo ya chuma ambayo mafundi huyaita rola. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa mashine.

Kazi ya mnyororo ni kuutawanya uzito huo. Chukulia katapila la tani 20 ambalo kila mnyororo wake unagusa ardhi kwa urefu wa meta tatu na upana wa nusu meta. Minyororo yote miwili hugusa eneo la meta tatu za mraba, hivyo kila sentimeta moja ya mraba hubeba wastani wa kilo 0.67 tu. Mtu mzima anayetembea kwa miguu, uzito wake wote ukiwa juu ya unyayo mmoja, huikandamiza ardhi kwa kiasi kisicho mbali na hicho. Ndiyo sababu mashine ya tani 20 inaweza kupita mahali ambapo lori la tani 10 lingezama hadi kwenye ekseli.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya ardhi iliyosawazika. Mnyororo unapopanda juu ya jiwe, kisiki au ukingo wa mtaro, wastani huo hupotea. Hapo ndipo tofauti kati ya mifumo miwili ya magurudumu inapoanza kuonekana.

Yaliyokazwa: Imara lakini hayasamehe

Katika mfumo wa kwanza, ambao ndio wa zamani na ulioenea zaidi, ekseli za rola hufungwa kwa bolti moja kwa moja chini ya fremu ndefu ya chuma. Hakuna springi wala mpira. Rola huzunguka tu. Hazipandi wala hazishuki.

Hii haina maana kwamba mashine nzima ni gogo moja. Katika makatapila mengi, fremu za kulia na kushoto huegemea shafti upande wa nyuma, na mbele huunganishwa na boriti inayocheza mithili ya mizani. Upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Lakini ndani ya upande mmoja, rola zote husimama katika mstari mmoja ulionyooka ambao haujui kupinda.

Faida ya kwanza ya mfumo huu ni uthabiti. Katika makatapila mengi bledi hushikiliwa na mikono iliyofungwa kwenye fremu hizo za minyororo. Fremu isipoyumba, bledi nayo haiyumbi, na mwendeshaji mzoefu anaweza kuchonga uso ulionyooka wa barabara au kiwanja kwa kupita mara chache.

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia inayosimama mahali pamoja na kuzungusha mkono wake mrefu, ndicho kinachohitaji zaidi uthabiti huo. Ndiyo maana fremu za minyororo yake huunganishwa kabisa na kitako chake, bila hata ile boriti ya mizani. Mashine inayonyanyua mzigo mzito na kuuzungusha pembeni haitakiwi kunesa, kwa kuwa kunesa huko kunaweza kuwa mwanzo wa kupinduka.

Faida ya pili ni urahisi. Viungo vinavyocheza ni vichache, hivyo vinavyolika ni vichache. Rola iliyokufa hufunguliwa bolti, ikatolewa, na nyingine ikafungwa mahali pake bila kuhitaji kubomoa sehemu kubwa ya mashine. Katika mazingira ambayo spea huagizwa kutoka mbali na mashine nyingi zimenunuliwa zikiwa zimetumika, urahisi huo ni fedha.

Ubaya wake hujitokeza kwenye ardhi ya mawe. Mnyororo ukipanda juu ya jiwe kubwa, mstari ulionyooka wa rola hubaki ukiegemea jiwe hilo na sehemu nyingine moja tu ya ardhi. Tani 10 za upande huo, zilizokuwa zimegawanywa kwa rola sita au saba, sasa hukaa juu ya rola mbili au tatu. Sehemu iliyobaki ya mnyororo huning'inia hewani na haishiki chochote, hivyo nguvu ya kusukuma hupungua wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Mashine inapovuka kilele cha jiwe, huanguka mbele kwa kishindo. Kishindo hicho hupita kwenye mnyororo, kikaingia kwenye rola na bushi zake, kikatikisa sili zinazozuia oili isivuje, kikapanda kwenye fremu na kuishia kwenye uti wa mgongo wa mwendeshaji. Sili ikipasuka oili humwagika, na rola isiyo na oili hujisaga yenyewe mpaka ikwame.

Yanayonesa: Pembea chini ya chuma

Mfumo wa pili hujibu tatizo hilo kwa wazo ambalo mtoto yeyote aliyewahi kukaa kwenye pembea ya ubao analielewa. Badala ya kuifunga kila rola peke yake kwenye fremu, rola mbili hufungwa kwenye ncha mbili za mkono mfupi wa chuma, nao mkono huo hufungwa kwenye fremu kwa pini moja katikati. Rola moja ikipanda, mwenzake hushuka.

Matokeo yake ni hesabu nyepesi. Rola ya kwanza ikipanda jiwe la urefu wa sentimeta 10, pini ya katikati hupanda sentimeta tano tu. Ikiwa mikono miwili ya aina hiyo nayo itafungwa kwenye ncha za mkono mkubwa zaidi, katikati ya mkono huo mkubwa patapanda sentimeta mbili na nusu. Jiwe ni lile lile, lakini fremu hulipokea likiwa limegawanywa mara nne.

Vipande vizito vya mpira huwekwa juu ya mikono hiyo ili kuizuia isicheze kupita kiasi na kumeza mshtuko uliobaki. Kwa namna hiyo mnyororo huulalia mgongo wa ardhi badala ya kuukalia. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani, ambayo jina lake ndilo lililozaa neno katapila, hueleza kuwa mfumo wake wa aina hii unaweza kuifanya sehemu ya mnyororo inayogusa ardhi iongezeke kwa hadi asilimia 15.

Pamoja na hayo, hakuna kizuri kisicho na gharama. Kila pini iliyoongezwa ni mahali papya pa kulika. Mpira nao huchoka, hukatwa na mawe na huharibiwa na oili inayovuja. Mashine huwa nzito na ghali zaidi, na fundi anayeikarabati anatakiwa kujua zaidi ya kufungua bolti. Mwenye mashine akipuuza viungo hivyo vikaanza kulegea, rola hukaa upande na kuanza kuula mnyororo kwa ubavu.

Vifaru na siri ya mpira

Wazo la kuyafanya magurudumu yanese lilikomaa mapema zaidi jeshini kuliko kwenye ujenzi. Sababu ni kasi. Katapila likiwa kazini hutambaa kilometa tatu au nne kwa saa, na hata lisipokuwa na mzigo kwa kawaida halizidi sana kilometa 10. Kifaru cha T-55 kilichotengenezwa Urusi kinaweza kukimbia karibu kilometa 50 kwa saa.

Nguvu ya mshtuko hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Kifaru chenye magurudumu yaliyokazwa kingejivunja chenyewe na askari waliomo ndani kabla ya kukutana na adui. Kwa hiyo vifaru vilipewa springi, na magurudumu yake yakavishwa mpira.

Kifaru cha Sherman cha Marekani, kilichotumika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilikuwa na magurudumu sita kila upande, yaliyofungwa mawili mawili kwenye seti tatu zenye springi nzito za chuma. Kila gurudumu lilikuwa na mpira kwenye ukingo wake.

Mpira nao una udhaifu wake. Ukikandamizwa na kuachiwa mara nyingi chini ya mzigo mkubwa, hupata joto kutoka ndani na huweza kubanduka. Isitoshe, ni mali adimu wakati wa vita. Mwaka 1942 upungufu wa mpira uliilazimisha Urusi kuvipa baadhi ya vifaru vyake vya T-34 magurudumu yenye ukingo wa chuma, huku kiasi kidogo cha mpira kikifichwa ndani karibu na kitovu. Magurudumu hayo yalitikisika na kupiga kelele, na mpira ulipopatikana tena yale ya zamani yalirejeshwa.

Ujerumani ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1944 kwa kifaru chake kizito cha Tiger. Kwa kuuficha mpira ndani ya gurudumu, uliweza kubeba uzito mkubwa zaidi na kudumu muda mrefu zaidi. Mifano hiyo miwili inaonyesha kuwa kunesa si jambo la kuwapo au kutokuwapo tu. Mahali panapowekwa ulaini ni muhimu sawa na ulaini wenyewe.

Afrika Mashariki ilishuhudia magurudumu hayo yakifanya kazi katika Vita ya Kagera ya mwaka 1978 hadi 1979. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, vinavyofuata muundo wa T-54 wa Kirusi, vyenye magurudumu makubwa matano ya mpira kila upande. Jeshi la Idi Amin, pamoja na vifaru vingine, lilikuwa na Sherman chache zilizotoka Israel. Kutoka Mtukula hadi Kampala, iliyotekwa Aprili 11, 1979, ni zaidi ya kilometa 200, na mashine isiyonesa isingefaa kwa safari ya namna hiyo.

Funzo la Kongwa

Lakini Sherman ilikuwa imekwishafika nchini miaka 30 kabla ya vita hiyo, safari hii ikiwa haina mzinga. Ilikuja kulima karanga.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliishauri Serikali ya Uingereza ilime karanga kwa mashine Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, uliunga mkono wazo hilo. Mpango ulizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, na baadaye ikahusisha Urambo na Nachingwea.

Mashine za Kongwa zilishushwa katika Bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa bara kwa Reli ya Kati. Viwanda vya dunia vilikuwa bado havijazinduka kutoka vitani, hivyo makatapila mapya hayakupatikana kwa idadi iliyotakiwa. Wahusika waligeukia mabaki ya jeshi, mengi yakiwa yamechoka kabla ya kupakiwa melini.

Miongoni mwa suluhisho lililobuniwa lilikuwa trekta lililoitwa Shervick. Jina hilo ni muungano wa Sherman na Vickers, kampuni ya Uingereza iliyovigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta ya minyororo kwa ajili ya mpango huo wa karanga. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri: chuma kipo tayari, mnyororo upo tayari, magurudumu yanayonesa yapo tayari.

Shida ni kwamba kifaru na trekta ni viumbe tofauti. Kifaru hutengenezwa kukimbia, kusimama na kukimbia tena, na maisha yake vitani hayatarajiwi kuwa marefu. Trekta hutakiwa kuvuta kwa nguvu zote, kwa mwendo wa taratibu, saa nane hadi kumi kwa siku, mwaka hadi mwaka. Springi zinazomsaidia askari kwenye mwendo wa kasi huufanya mwili wa trekta uiname na kuinuka pale unapovuta kisiki, na mnyororo uliobuniwa kwa mbio hulika haraka kwenye udongo unaosaga.

Udongo wa Kongwa ulikuwa wa aina hiyo hiyo. Wakati wa kiangazi ulikauka na kuwa mgumu kama tofali, huku mchanga uliochanganyika nao ukiviparua vyuma. Kufikia robo ya tatu ya mwaka 1947, takriban theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa yalikuwa hayafanyi kazi. Shervick haikuwa mkombozi aliyetarajiwa.

Itakuwa kosa kuyabebesha magurudumu lawama yote. Mvua zilikuwa haba, spea zilichelewa, waendeshaji wengi hawakuwa wamefunzwa vya kutosha, na mpango wenyewe ulikimbizwa bila majaribio. Serikali ya Uingereza iliufuta Januari 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Hata hivyo, yapo mengi ya kujifunza katika uamuzi wa kuchukua magurudumu ya kazi moja na kuyapeleka kwenye kazi nyingine kwa sababu tu yalikuwa yanapatikana.

Vickers wenyewe hawakukata tamaa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 walitoa katapila jipya liitwalo Vigor, lenye injini ya Rolls-Royce na magurudumu makubwa yenye springi kwa mtindo wa kifaru. Lilikuwa na kasi kuliko wapinzani wake, lakini halikudumu sokoni, na utengenezaji wake ulikoma kabla ya miaka ya 1960.

Njia ya kati

Jibu lililodumu lilikuja mwaka 1977, Caterpillar ilipotambulisha katapila kubwa la D10. Sproketi yake ilipandishwa juu, mbali na ardhi, na kuufanya mnyororo uwe na umbo la pembetatu linalotambulika hata kwa mbali. Chini, rola ziliwekwa kwenye mikono inayocheza yenye mpira.

Tofauti na trekta lililotokana na kifaru ilikuwa hapa: mwili mzima haukuwekwa juu ya springi. Fremu ilibaki thabiti ili bledi isiyumbe, na kunesa kukaachiwa rola peke yake, tena kwa kipimo. Jiwe humezwa chini ya fremu, wakati msukumo wa bledi hupita kwenye chuma kisichotetereka.

Muundo huo uliingia baadaye katika mashine nyingine kubwa za kampuni hiyo, ikiwamo D9 na D8, na Komatsu ya Japani nayo ikatoa mfumo wake wa rola zinazonesa kwa makatapila yake makubwa. Mashine ndogo na za kati, hasa zinazotumika kuchonga na kusawazisha, kwa sehemu kubwa zimebaki na rola zilizokazwa. Mgawanyiko huo hautokani na uzembe wa wabunifu. Umetokana na kazi.

Kinondoni si Temeke

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, tofauti hiyo inaweza kusomwa kwenye ardhi ya vitongoji vyenyewe.

Upande wa kaskazini mwa Kinondoni, kuanzia Kunduchi na Mlima Wazo kuelekea Boko, chini ya udongo kuna mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale ya bahari. Mwamba huo ndio uliokiwezesha kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kuanza uzalishaji mwaka 1966, na ndio uliozaa machimbo ya mawe na kokoto ya Kunduchi. Adui wa mashine huko ni mshtuko. Mnyororo hupanda na kushuka juu ya mabonge yenye kingo, na katapila kubwa lenye rola zinazonesa hulipa gharama yake kwa kushika ardhi vizuri na kuokoa sili, bushi na fremu.

Upande wa Temeke, katika Mbagala, Chamazi na Toangoma, ardhi ni ya mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Mawe makubwa ni machache. Adui huko si mshtuko bali ni msasa. Chembe za mchanga huingia katikati ya pini, bushi na meno ya sproketi, na zikichanganyika na maji ya mvua za masika hugeuka uji unaosaga chuma usiku na mchana. Katika mazingira hayo, viungo vingi ni milango mingi ya mchanga. Katapila la kati lenye rola zilizokazwa, viungo vichache na mnyororo uliokazwa kwa kipimo sahihi huweza kufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo.

Yapo pia maeneo ya matope, kama bonde la Msimbazi. Huko jambo la kwanza ni upana wa mnyororo, kwa kuwa mnyororo mpana hutawanya uzito zaidi. Rola zinazonesa haziwezi kuiokoa mashine nzito yenye mnyororo mwembamba kwenye tope zito.

Mgongo, lami na mzani

Kuna gharama nyingine ambazo haziandikwi kwenye ankara. Mtikisiko wa muda mrefu huhusishwa na maumivu ya mgongo kwa waendeshaji. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtikisiko ambao mwili wa mfanyakazi unaweza kupokea kwa siku ya saa nane. Rola zinazonesa hupunguza mtikisiko huo, lakini kiti chenye springi nzima na mwendo wa taratibu juu ya mawe husaidia hata kwenye mashine iliyokazwa.

Wengi hudhani pia kuwa katapila lenye magurudumu yanayonesa haliharibu lami. Dhana hiyo si sahihi. Rola hunesa ndani ya mnyororo, lakini kinachogusa barabara ni mabamba ya chuma yenye meno, nayo huikata lami katika mifumo yote miwili, hasa mashine inapogeuka. Kinachoiokoa lami ni pedi za mpira juu ya mabamba hayo, minyororo ya mpira kama ile ya vijiko vidogo, au kuibeba mashine kwa lobedi.

Hata lobedi ina mipaka yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu jumla ya tani zisizozidi 56 kwa gari na tela lake. Katapila la ukubwa wa D8 lina uzito unaokaribia tani 40 peke yake. Likiwekwa juu ya lobedi na kichwa chake, kikomo hicho hufikiwa au kupitwa, na kibali maalumu huhitajika. Hivyo mwenye kazi ndogo anayetaka mashine kubwa kwa sababu inanesa anaweza kujikuta akilipa zaidi kuisafirisha kuliko kuitumia.

Kabla ya kukodi au kununua

Mnunuzi wa katapila lililotumika anashauriwa kuanza ukaguzi chini, si juu. Rangi mpya na injini inayowaka kwa mara ya kwanza havisemi chochote kuhusu mnyororo.

Kwanza, atazame meno ya sproketi. Meno yaliyochongoka kama ya papa yanaonyesha kuwa bushi za mnyororo zimekwisha, na kubadili sproketi peke yake hakutasaidia. Pili, azungukie kila rola akitafuta alama za oili iliyovuja na aone kama inazunguka mashine inapotembea; rola iliyokwama hulika upande mmoja na kuwa bapa. Tatu, kwenye mashine yenye rola zinazonesa, akague vipande vya mpira kama vimepasuka na pini za mikono kama zimelegea.

Nne, apime ulegevu wa mnyororo. Uliolegea mno huchomoka, lakini uliokazwa mno hujila wenyewe kwa kasi, na hilo la pili ndilo kosa linalofanywa zaidi kwa nia njema. Kukaza na kulegeza hufanywa kwa kuingiza au kutoa grisi kwenye silinda iliyo nyuma ya aidla, kazi isiyohitaji gereji.

Kwa mwenye mashine, nidhamu ya mwendeshaji huokoa kuliko muundo wowote. Kurudi nyuma kwa kasi bila kazi, kugeuka ghafla mahali pamoja, kugeukia upande ule ule siku nzima na kuacha matope yagande kwenye rola usiku kucha ni mambo yanayoua mfumo wa chini, uwe umekazwa au unanesa. Nusu saa ya kusafisha matope jioni ni nafuu kuliko seti mpya ya rola.

Kwa mwananchi anayekodi, maswali mawili yanatosha kabla ya kutoa fedha: ardhi yake ni ya mawe, mchanga au tope, na kazi yake ni ya kuvunja au ya kunyoosha? Mwamba mgumu na kazi nzito vinahitaji katapila kubwa linalonesa. Kiwanja cha mchanga kinachotakiwa kunyooshwa kinahitaji katapila la kati lililotulia. Anayekodi bila kujibu maswali hayo hulipia kwa saa, na saa za mashine isiyofaa huwa nyingi.